Kitabu "Just Another Sucker" na muvi yake "Palmetto": mbona kamera imemsahau Harry?

Haya wadau wa riwaya za uhalifu, mko poa? Mnanisikia vizuri? Taa yangu ya mviringo imeaga dunia, nimesogea dirishani, kwa hiyo mkiona nusu ya uso iko gizani msidhani nimejiunga na genge. Kisumu hii yenye jua lote hili, siwezi kushindwa na taa.

Bidhaa ya leo ni hii hapa. Ngoja niisogeze. "Just Another Sucker", James Hadley Chase, ilitoka mwaka wa 1961. Nimeitoa soko la Kibuye Jumapili, kwenye turubai la vitabu vya mtumba. Muuzaji alianza na 300, ati ni orijino. Orijino gani na kurasa zimegeuka rangi ya chai ya maziwa? Tukavutana, tukakutana kwa 150. Ukubwa, herufi, gundi ya mgongoni, hayo mnayajua, vitabu vya Chase tumekua navyo. Kinaingia mfuko wa nyuma wa suruali, basi. Ila kabla hujatoa pesa, fungua kurasa za mwisho uone kama zipo. Usizisome! Angalia tu kama zipo.

Sasa, kilichonitia hasira. Jalada. Angalieni. Nageuza polepole ili mwanga usiakise. Mwanamke, nguo nusu mita, macho yanakuita. Mnajua yale matoleo ya kampuni ya Corgi ya miaka ya sabini? Kila kitabu mwanamke, na bastola ikibahatika kupata nafasi. Hadithi iwe ya wizi wa benki, mwanamke. Iwe ya mtu kudaiwa, mwanamke. Juzi nimepanda matatu ya Kakamega, nimeketi na mama mmoja mtu mzima, kitambaa cha kanisa kichwani, Biblia mapajani. Hatujafika hata Kiboswa, ananiangalia, anaangalia jalada, ananiangalia tena. "Mwanangu, mama yako anajua unasoma hivi?" Nikamwambia, mama, humu ndani hakuna kitu kama hicho, ni habari ya mtu anajiharibia maisha. Akasema, "Nakubali, naona ameshaanza." Matatu nzima ikacheka! Makanga ndiye aliyecheka zaidi. Tangu siku hiyo Chase wangu wote nawafunika gazeti.

Lakini sikilizeni, sisemi hivi kwa sababu ya aibu peke yake. Lile jalada linadanganya. Linakuambia utazame mwanamke, na kitabu chenyewe kinakutazamisha mwanamume. Na waliotengeneza muvi naona walisoma jalada.

Nitawaonyesha sehemu moja tu, ule mkoba. Waliosoma wanajua. Harry Barber ni mwandishi wa habari, alichimba ufisadi, akasingiziwa, akafungwa. Sasa ametoka. Hana kazi, hana ndururu, mke wake Nina ndiye anayeshikilia nyumba. Kutwa yuko baa. Mwanamke anaingia kupiga simu kibandani, anamaliza, anaondoka. Mkoba umebaki. Harry anauona.

Hapo ndipo ninapompenda Chase. Anayesimulia ni Harry mwenyewe. "Mimi." Huwezi kumwambia acha, kwa sababu uko ndani ya kichwa chake, na kichwa chake kina sababu nzuri kuliko zako. Jaribuni nami. Weka mkoba hapa, huu wa dada yangu, nimeuazima bila ruhusa, dada kama unatazama nitaurudisha. Uko pale. Kichwani wanaanza kubishana watatu. Wa kwanza anasema, mpe mwenye baa. Wa pili anasema, mwenye baa ni mwizi, afadhali uutunze wewe. Wa tatu anasema, fungua uone jina la mwenyewe ili umrudishie. Mnaona huyo wa tatu? Huyo ndiye hatari! Huyo anaongea kama mchungaji. Unafungua kwa nia njema kabisa, na ndani kuna pesa. Sasa wewe si yule mtu aliyekuwa ameketi dakika mbili zilizopita. Na mwenyewe anarudi.

Kumbe mkoba ulikuwa chambo. Sisi wa ziwani tunajua, samaki hafuati ndoana, anafuata kilicho juu yake. Mwanamke ni Rhea Malroux, mke wa tajiri mgonjwa, na ana mpango: msichana wa kambo, Odette, ajifanye ametekwa, baba alipe. Harry kazi yake ni kupiga simu na kuchukua pesa. Kwenye muvi fidia ni dola 500,000, Harry apate 50,000. Asilimia kumi, na hatari yote ni yake! Dalali wa ploti Mamboleo angemcheka. Lakini jamaa ameshaingia boksi.

Haya, muvi. "Palmetto", 1998. Woody Harrelson ndiye Harry, Elisabeth Shue ndiye Rhea, Gina Gershon ni Nina, na Odette ni Chloë Sevigny. Mwongozaji ni Volker Schlöndorff, Mjerumani, yule ambaye muvi yake "The Tin Drum" ilishinda Oscar. Si mtu wa mchezo. Sasa ona anavyofanya. Rhea akiingia, kamera inaanzia miguuni, inapanda, inapumzika, inapanda tena. Nimerudisha nyuma, nimetazama tena. Harry yuko wapi? Yuko pembeni, anatoka jasho. Kwenye kitabu mimi ndiye ninayejadiliana na mkoba. Kwenye muvi namtazama mtu akidanganywa na mrembo, na mtu akidanganywa na mrembo nimemwona bure mara nyingi mtaani.

Wameweka sauti ya Harry akisimulia juu kwa juu, ndiyo, najua mtaandika hapo chini. Ipo. Lakini inasema hili na picha inasema lingine, na macho yakishindana na masikio mnajua nani hushinda.

Ingawa… hapa nitasema ukweli, nilipoitazama tena usiku, stima imepotea, natumia laptopu na betri inaisha, Harrelson alinigusa. Ana ile sura ya mtu aliyejua jibu likampotea. Na lile joto la Florida, shati limeganda mgongoni, feni inazunguka bila kusaidia, mtu wa Kisumu hahitaji kuelezwa mwezi wa pili. Joto lile linafanya kazi ambayo maneno ya Chase yalikuwa yanafanya. Kwa hiyo sisemi muvi ni takataka. Nilisema hivyo kwenye picha ya tangazo, ni ili mbonyeze.

Na kuna kipande hawakukiharibu. Baada ya utekaji wa uongo kuharibika, polisi wanatafuta mtu wa kuzungumza na wanahabari kuhusu kesi. Wanamwajiri nani? Harry! Anakaa ofisini, ana meza yake, anasikia wakimjenga mshukiwa kidogo kidogo, urefu huu, mwili huu, na kila wakiongeza kitu anajiangalia. Lazima aandike taarifa kuhusu nafsi yake. Hapo muvi inabana kweli. Tena kuna buti la gari… hapana, naishia hapo. Kuna watu hawajasoma.

Kuna chaneli moja, sitaitaja, ilisema Chase ni Mmarekani. Jamani! Jina lake halisi ni René Raymond, mzaliwa wa London, 1906, akafia Uswisi 1985. Alikuwa anauza ensaiklopidia za watoto mlango kwa mlango, kisha akafanya kazi kwa wauzaji vitabu wa jumla. Yaani alijua mteja anashika nini na anarudisha nini rafuni. Marekani ile yote ya majambazi aliiandika kwa ramani na kamusi ya misimu ya Kimarekani. Fikiria basi: Mwingereza anaitoa Marekani kwenye kamusi, Mjerumani anakuja kuipiga picha, mimi naisoma kwenye matatu ya Kakamega. Na inaingia tu.

Ugonjwa wa kamera haukuanza na "Palmetto". Chukua "Eve", kitabu cha 1945. Msimulizi ni Clive Thurston, mwandishi aliyejipatia jina kwa kuiba tamthilia ya marehemu. Uoza ni wake. Ikaja muvi ya Joseph Losey 1962, Jeanne Moreau; ikaja nyingine 2018, Isabelle Huppert. Waigizaji wakubwa, sibishi, Moreau anatembea tu na umenyamaza. Lakini ukitoka unamkumbuka nani? Clive amebaki fanicha.

Na "No Orchids for Miss Blandish", kile cha kwanza cha 1939, kilichomfanya mwandishi George Orwell aandike insha nzima 1944 akilalamikia ukatili wake. Muvi ya Uingereza ya 1948 ikamfanya msichana ampende jambazi aliyemteka. Kitabuni yule msichana ni mateka, analishwa dawa, hana mapenzi yoyote! Ile ya Robert Aldrich ya 1971, "The Grissom Gang", ina nafuu, kwa sababu inakubali kwamba mapenzi ni ya upande mmoja na upande huo ni mgonjwa. Kama utatazama moja, tazama hiyo. Watoto walale kwanza.

Wazee wetu wa vibanda vya video walizoea steringi hafi. Kwa Chase steringi ndiye mwenye makosa, na unamwombea apone huku ukijua hastahili. Nionyesheni muvi iliyolipata hilo lote, nitanunua hata tiketi ya pili.

Bei basi. Kitabu, usilipe zaidi ya 200 Kibuye, na uende asubuhi kabla wanafunzi wa Maseno hawajafika. Muvi, kama umeipata kwenye flashi ya rafiki, itazame baada ya kitabu, si kabla. Ukianza na muvi utasoma ukimwona Harrelson, na Harry wa kitabuni hana sura, ndiyo maana anakutosha wewe.

Habari za chaneli: Alhamisi hakuna video, nina harusi Siaya. Yule aliyeuliza kama nitachambua Agatha Christie, ndiyo, na wale wa Sidney Sheldon mpunguze matusi, zamu yenu inakuja. Nakala hii nitampa mtu wa kwanza wa hapa mjini atakayeandika Harry angefanya nini na mkoba ule ili asiharibikiwe, na "angeurudisha" si jibu, nataka sababu. Jalada utalifunika mwenyewe. Jirani ameanza kuchomelea mageti, sauti haitasikika tena, kwaherini.