Eti mkanda wa gari ni wa trafiki tu

Imepita wiki na ushei lakini hasira haijanitoka, ndiyo maana naandika.

Nilikuwa natoka Simbo, kidumu cha mawese kikapasuka siti ya nyuma. Mtu wa Kigoma sihitaji kumweleza mawese yakimwagika inakuwaje. Siti nilifuta, kapeti nikalitoa nikalifua. Mkanda wa upande anaokaa mwanangu ndio ulionishinda. Ulikuwa umeyanywa mafuta, umegeuka rangi ya chungwa kuanzia kwenye chuma cha kuchomekea mpaka usawa wa bega.

Nikapeleka gari kwa waosha magari, barabara ya kwenda Ujiji. Jina nawahifadhia. Niliwaambia kabisa kwamba kilichonileta ni mkanda, mengine ni nyongeza. Haki yao niwape: nje gari lilitakata. Vumbi jekundu lililoganda kwenye kingo za milango tangu kiangazi kianze lote liliondoka, na kijana aliyeosha nje ana mkono mzuri.

Nikafungua mlango wa nyuma. Harufu ya jiki ikanipiga usoni. Mkanda uliokuwa wa kijivu umepauka mabakamabaka, kama kanga iliyosahaulika kambani miezi. Nikamuuliza yule wa ndani, kwa upole kabisa, "Mdogo wangu, hapa umetumia nini?" Hata macho hakuinua kwenye simu. "Doa si limetoka, mama? Mkanda wenyewe si wa trafiki tu."

Wa trafiki! Mwanangu ana miaka sita. Mimi simfungi mkanda kwa kuogopa faini, namfunga ili nikikanyaga breki ghafla asirushwe mbele akagonga kiti. Na tajiri wao amesimama pale pale, anasikia, anacheka.

Nikaenda kwa fundi wangu Gungu. Nilishauvuta mkanda kwa nguvu zangu zote, nikaona mbona uko imara. Akaniambia mkono wa mtu haupimi kitu hapo. Mkanda ni nyuzi za poliesta zilizofumwa kwa kubanana ili zibebe uzito wa mtu siku gari linapogonga, na jiki inazidhoofisha nyuzi hizo bila macho kuona. Udhaifu utajulikana siku ya ajali.

Tena kazi yenyewe ni nyepesi, ndicho kinachoniuma. Unauvuta mkanda wote mpaka mwisho, unaubana kwa kibanio pale juu unapotokea ili usijirudishe. Mafuta unayafyonza kwanza kwa kitambaa kikavu. Halafu maji ya vuguvugu, sabuni laini kidogo, brashi laini, unasugua kufuata urefu wa mkanda, taratibu. Unafuta kwa kitambaa chenye maji safi mpaka povu liishe. Usiumwagie maji yakaingia kwenye mashine inayouvuta. Kisha unauacha hivyo hivyo umevutwa mpaka ukauke kabisa, hata kama ni usiku kucha, maana ukirudi ndani mbichi unaota ukungu. Doa likibaki kidogo, libaki. Mkanda wenye doa unamshika mtoto vizuri tu.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema wapelekeeni magari kwa kuosha nje, ndani mfanye wenyewe. Lakini hapana. Kila nikikumbuka kile kicheko naona hata nje msiwapelekee. Elfu kumi yangu wakae nayo. Neno "samahani" tu lingenitosha, na hakuna aliyelisema.

Fundi ananitafutia mkanda mwingine, hajaupata bado. Kwa sasa mwanangu anakaa upande wa pili, na ule uliopauka nimeupiga fundo asije mtu akaufunga akidhani ni mzima.