Ndoo za haidroponiki kwenye balkoni ya Upanga: nilichobakiza na nilichoondoa

Seti hii ya haidroponiki, yaani ya kuotesha mimea kwenye maji yenye virutubisho bila udongo, niliinunua kwa fundi mmoja kijana anayetengeneza kwa oda hapa Dar, wakati huo nakaa nyumba yenye uwa. Ndoo nne za lita 20 zilizounganishwa kwa mabomba, pipa la kuchanganyia virutubisho, pampu ya kuzungusha maji, pampu ya hewa kama zile za matangi ya samaki, na vikapu vya plastiki vya kushikia mche kwenye kokoto. Uwani ilifanya kazi vizuri sana, nyanya nilikuwa nagawia majirani. Kisha nikahamia fleti, ghorofa ya tatu, balkoni ya mita moja kwa mbili na kidogo. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa fleti, maana ndio mnaoziulizia zaidi.

Nilimpigia fundi. Akasema, "Dada, we panga tu, haina shida." Nikapiga hesabu mwenyewe: ndoo nne zenye lita 15 kila moja ni kilo 60, ukijumlisha na pipa lenye lita 40 zinakuwa kilo 100, hapo bado kokoto. Kilo mia zikae usiku na mchana kwenye kona ya balkoni ya jengo la zamani? Sikukubali. Nikafunga ndoo mbili na bomba moja katikati.

Siku ya tatu bibi wa ghorofa ya pili akapanda ngazi pole pole, mkononi kashika shuka lenye madoa. "Mwanangu, kuna maji yananidondokea kwenye kamba." Mpira wa kwenye tundu la bomba ulikuwa umejikunja upande mmoja. Nilimwomba radhi, nikalichukua shuka nikalifua. Mabomba yote nikayang'oa siku hiyo hiyo. Ndoo iliyotobolewa ubavuni ipo siku itavuja, na kwenye ghorofa sakafu yako ni dari la mwenzako.

Sasa natumia ndoo mbili za lita 10, kila moja inajitegemea, tundu liko kwenye mfuniko tu. Hapo nilidhani kazi imepungua. Imeongezeka. Maji yakiwa mengi yanakuvumilia, yakiwa machache hayakupi nafasi. Mnyanya wangu ulipoanza kuzaa, siku ya jua kali ulikunywa lita mbili. Mmea hunywa maji haraka kuliko chumvi za virutubisho, kwa hiyo yaliyobaki ndooni yanazidi kuwa makali, na ncha za majani zikaanza kuungua. Siku hizi naongeza maji matupu kila asubuhi, na kila wiki namwaga yote natengeneza upya.

Joto ndilo lililoniumiza zaidi. Februari, saa nane mchana, nilichovya kipimajoto: nyuzi 33. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, yakifika 30 inashuka hadi kama 7 na nusu, na mizizi yenyewe kwenye joto inahitaji hewa zaidi. Niliponyanyua mfuniko nikakuta mizizi ya kahawia, inateleza kama bamia iliyolala, na harufu ya maji ya vase. Mmea ule sikuuokoa. Sasa ndoo nimezipaka rangi nyeusi kwanza ili mwanga usipenye ukaotesha mwani, juu yake nyeupe ili zisivute jua. Nimeziinua kwenye vipande vya mbao zisigusane na vigae, na nazifunga gunia la katani ninalolilowesha asubuhi na mchana, kama tunavyofunga mtungi. Maji hayapiti nyuzi 29.

Lawama yangu kubwa kwa fundi ni pampu ya hewa. Aliifunga chini, pembeni mwa ndoo. Umeme ulipokatika, maji yakarudi nyuma kwenye mpira yakaingia kwenye pampu, ikafa. Iwekwe juu ya usawa wa maji, basi. Angeniambia ningeokoa pesa ya pampu ya pili.

Virutubisho vyake ni vizuri, vinakuja pakiti A na B. Msizichanganye zikiwa kavu wala nzito: kalsiamu ya A ikikutana na salfeti na fosfeti za B inaganda chini kama chokaa, na mmea hauipati. Koroga A kwenye maji mengi, ndipo uweke B. Kipimo cha asidi ya maji (pH, namba ikiwa ndogo asidi ni kali) kiwe kati ya 5.5 na 6.5. Ndimu inakishusha, lakini baada ya siku moja mbili kinapanda tena. Na maji ya kisima cha jengo letu yana chumvi, kwa hiyo nakinga ya mvua.

Nyanya nimeacha. Chainizi na saladi ndizo zinazoiweza ndoo ndogo. Saladi naipanda hata bila pampu, kwa njia ya Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii: maji yaguse kitako cha kikapu, mmea unywe, usawa ushuke, mizizi ya juu ibaki inapumua hewani. Ukijaza tena hadi juu unaizamisha. Ila maji hayo yamesimama, na mimi ni muuguzi, dengue ya 2014 na ya 2019 hapa Dar siisahau. Kila uwazi nimeufunika kwa kipande cha chandarua.

Kwa kazi ya mikono fundi namsifu: matundu ya mfuniko kayakata safi, kikapu hakichezi. Nampa 3 kati ya 5. Mwenye uwa anunue seti nzima. Mwenye balkoni amwambie amuuzie ndoo mbili ndogo, vikapu, pampu ya hewa na pakiti za virutubisho, na asitoboe ubavuni.