Kioo Kipya cha Mbele kwa Boti Kuukuu: Uzoefu Wangu na Karakana Moja ya Kigoma

Boti yangu ya faiba ilinifikia ikiwa na fremu tupu ya alumini mbele ya usukani. Kioo chenyewe kilikuwa kimekwisha kuondolewa zamani. Kwa mtu anayekatiza ghuba ya Kigoma asubuhi tulivu, upungufu huo unaweza kuonekana mdogo. Anayerejea kutoka Gombe, au anayeshuka kuelekea Ilagala wakati wa kiangazi, upepo wa kusini-mashariki unapolichafua Ziwa Tanganyika, anajua kwamba nahodha asiye na kioo hupigwa rasharasha za maji machoni mpaka asiweze kuona mitumbwi ya wavuvi iliyo mbele yake. Ndiyo maana kazi niliyofanyiwa ninaipima kwa kigezo cha usalama kwanza, na urembo baadaye.

Mafundi kadhaa walinishauri niweke kioo cha dirisha kwa kuwa kinapatikana mjini siku hiyo hiyo. Nilikataa, kwa sababu kioo cha kawaida kikivunjika hutoa vipande vyenye ncha kali, tena uzito wake ni karibu mara mbili ya plastiki angavu ya unene uleule. Ikabaki kuchagua kati ya aina mbili za plastiki hiyo: akriliki na polikaboneti. Akriliki ni nafuu na haikwaruziki upesi, lakini hupasuka ikipata kishindo au ikitobolewa kwa pupa. Polikaboneti hukwaruzika kwa urahisi, ila kuivunja ni kazi kubwa, na bamba la milimita 4 hukubali kupindwa bila kupashwa moto endapo mpindo wa fremu si mkali. Nililipa zaidi nikachukua polikaboneti, na bamba likaagizwa kutoka Dar es Salaam.

Sifa kubwa ya karakana hii ni uvumilivu wake katika vipimo. Fremu ya boti kuukuu haina pembe inayolingana na mwenzake, kwa hiyo fundi hakuthubutu kugusa bamba kabla ya kukata kiolezo cha boksi gumu, akakijaribisha kwenye fremu, akakipunguza, akakirudisha tena, mpaka kilipokaa bila kulazimishwa. Matundu nayo aliyafanya mapana kuliko bolti: milimita 9 kwa bolti ya milimita 6. Nilipomuuliza sababu, alinijibu, “Bosi, bolti ibane mpira, isibane kioo.” Jibu hilo ni sahihi kabisa. Polikaboneti hutanuka kiasi cha milimita 0.07 kwa kila mita na kwa kila nyuzi moja ya joto. Bamba la mita 1.2 likitoka kwenye baridi ya alfajiri hadi jua kali la saa nane, tofauti ikiwa nyuzi 30, hurefuka kwa milimita 2.5 hivi. Tundu linaloibana bolti pande zote halina pa kuupeleka urefu huo, na nyufa huanzia hapo. Chini ya kila kichwa cha bolti aliweka washa ya mpira, na bolti zenyewe ni za chuma kisichoshika kutu. Maji ya Tanganyika hayana chumvi, kwa hiyo hazitateswa kama zile za boti za baharini.

Mahali nilipolazimika kusimama kidete ni kwenye silikoni, ile gundi ya kuziba mianya kati ya bamba na fremu. Kijana wa karakana alikwisha kupaka upande mmoja silikoni yenye harufu kali ya siki, ambayo tindikali yake huidhuru polikaboneti. Niliomba ikwanguliwe yote na itumike ile isiyo na tindikali. Walikubali bila ubishi, ingawa kazi ilichelewa. Kingo za bamba pia zilikuja na meno ya msumeno, na kuzisugua kwa msasa kukawa juu yangu. Kwa bei waliyonitoza, hilo lingepaswa kufanywa na wao.

Anayeagiza bamba kama hili ahakikishe lina tabaka la kuzuia miale ya jua, kwani bila hilo hugeuka manjano. Mara nyingi tabaka hilo huwa upande mmoja tu, ulioandikwa kwenye karatasi ya juu, na ndio unaotazama nje. Kwa hiyo karatasi isibanduliwe kabla upande huo haujatiwa alama.

Tangu kioo kiwekwe, ninaendesha nikiwa na macho makavu hata mawimbi yakiwa ya mbele, na fremu haitetemi kwa mwendo wa kawaida wa injini. Mikwaruzo midogo imeanza kuonekana upande wa abiria, ambako watu hushika wanapopanda. Ninakiosha kwa maji mengi na sabuni laini kabla ya kukigusa kwa kitambaa. Petroli na thina nimezipiga marufuku karibu nacho, na anayejaza mafuta kwenye injini hunawa mikono kabla ya kukigusa, kwa sababu vimiminika hivyo hukitia nyufa ndogo ndogo zisizofutika. Karakana hiyo nitairudia kwa kioo cha pembeni, kwa sharti la kukubaliana kwanza kuhusu silikoni na kingo.