Darasa la jioni la Kiingereza mjini Moshi: masharti yamefundishwa vizuri, masikio yamesahauliwa

Kituo kinachotoa masomo haya kiko katikati ya mji wa Moshi, mwendo mfupi kwa miguu kutoka stendi kuu, na wengi wa wanafunzi wake ni wapagazi, wapishi na waongozaji wasaidizi wa Mlima Kilimanjaro ambao husoma jioni katika siku wanazokuwa hawana safari. Nimemaliza kozi ya ngazi ya kati, ambayo kwa sehemu kubwa inahusu sentensi za masharti pamoja na vitenzi visaidizi vya kueleza uwezo, lazima, ushauri na uwezekano. Kwa wanaojiuliza kama ada yake inastahili kulipwa, jibu langu ni ndiyo, ingawa kuna upungufu ambao uongozi wa kituo unapaswa kuushughulikia.

Ubora wa darasa hili unatokana na kwamba mwalimu anaanzia kwenye Kiswahili chetu. Sisi huweka -nge- pande zote mbili za sentensi: “Ningekuwa na fedha, ningenunua viatu vya kupandia mlima.” Kwa mazoea hayo, mwanafunzi huchukua “would” na kuitia pande zote mbili, akasema “If I would have money, I would buy boots.” Kiingereza sanifu hakikubali hivyo. Upande wa “if” hutumia kitenzi cha wakati uliopita, “If I had money”, hata kama msemaji anazungumzia hali yake ya leo, na “would” hubaki upande wa matokeo peke yake. Mwalimu alichora mstari wima katikati ya ubao, masharti kushoto na matokeo kulia, na kila aliyeandika “would” kushoto alitakiwa kuifuta kwa mkono wake mwenyewe. Tulitumia jioni nzima kwa jambo hilo moja, na ilifaa, kwa sababu ndilo kosa linalomsumbua hata mtu aliyemaliza kidato cha nne kwa alama nzuri.

Kipindi cha “must” ndicho ninachokisifu zaidi. Mpagazi anayetaka kumwambia mgeni kuwa si lazima abebe begi lake husema “You must not carry your bag”, kwa kuwa amekanusha lazima kama tunavyoikanusha kwa Kiswahili, na mgeni akaelewa kwamba amekatazwa. Alichokusudia ni “You don't have to carry your bag.” Kwa begi, hasara ni ndogo. Lakini kwenye njia ya kuelekea kilele cha Uhuru, chenye mita 5,895, ambako hewa ni nyepesi kiasi cha takriban nusu ya ile ya usawa wa bahari, mgeni aliyezidiwa na ugonjwa wa mwinuko hana budi kushushwa mapema, na hapo uchaguzi wa kitenzi una uzito wa maisha ya mtu. Tulipangwa wawili wawili, mmoja akiwa mgeni anayeumwa kichwa na kutapika, mwingine mwongozaji, na “mgeni” aliruhusiwa kugoma mpaka asikie amri. Mzee mmoja wa makamo alisema “You can go down.” Mwalimu, ambaye ni kijana, akamjibu kwa heshima: “Mzee wangu, hapo umemruhusu, hujamwamuru.” Akajaribu “should”, ambayo ni ushauri, na hatimaye akafika kwenye “You must go down now.”

Masharti ya mambo yaliyokwisha kupita hayakupewa haki yake. Katika mazungumzo ya kila siku wengi wetu tumeiacha -ngali- na kusema “Ungeniambia jana, ningekuja”, kwa hiyo tunahitaji muda mrefu zaidi kuizoea “If you had told me, I would have come.” Badala yake tulipewa karatasi zilizorudufiwa, zenye mifano ya watu waliochelewa treni za chini ya ardhi huko London, na kozi ikaisha.

Upungufu mkubwa zaidi ni kwamba hakuna zoezi hata moja la kusikiliza. Wageni wanapozungumza hawatamki “would have” kwa ukamilifu, bali hulifupisha kuwa “would've”, na “I'd” yao huweza kuwa “I had” au “I would”, jambo linalotambulika tu kwa kitenzi kinachofuata: “I'd gone” ni ya kwanza, “I'd go” ni ya pili. Mtu anayeziandika sentensi hizi bila kosa anaweza asizitambue kabisa akizisikia. Simu ya mwalimu na spika ndogo vingetosha kwa kazi hiyo.

Anayeanza Kiingereza kutoka mwanzo asijiandikishe ngazi hii, kwani atapotea mapema. Wengine wote wafike kabla ya wakati, maana chumba ni kidogo na viti vya mbele, ambako ubao unasomeka vizuri, hujaa haraka.