Hong Myung-bo na Hwang Sun-hong: Nani Kocha Bora?

Wote wawili walikuwamo katika kikosi cha Korea Kusini cha Kombe la Dunia la mwaka 2002: mshambuliaji Hwang Sun-hong alifungua ukurasa wa mabao dhidi ya Poland, na nahodha Hong Myung-bo, beki wa kati, akafunga penalti ya mwisho iliyoitoa Hispania katika robo fainali.

Katika ukocha, Hong ndiye aliyetangulia kung'ara kimataifa, kwani vijana wake waliifunga Japani 2–0 na kutwaa medali ya shaba ya Olimpiki ya mwaka 2012, ingawa miaka miwili baadaye, katika Kombe la Dunia nchini Brazil, aliambulia sare moja tu, akajiuzulu. Heshima yake ilirudi katika klabu ya Ulsan, kwa ubingwa wa ligi ya Korea Kusini wa 2022 na 2023.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, kazi nzito zaidi ni ya Hwang. Mwaka 2013 aliiongoza klabu ya Pohang Steelers, isiyo na mchezaji hata mmoja wa kigeni, kutwaa Kombe la FA na ligi pia. Na ubingwa huo wa ligi ulipatikana siku ya mwisho, ugenini kwa Ulsan hao hao, waliohitaji sare tu, kwa bao la dakika za nyongeza. Doa lake ni la mwaka 2024, timu yake ya vijana ilipotolewa na Indonesia kwa penalti na Korea Kusini ikaikosa Olimpiki ya Paris.