Gari linalia kila besi ikigonga: ununue nini, na kwa nini uanze kwa kunusa gundi

Mwezi wa pili mwaka huu, saa saba mchana, nilimfungulia mwanangu mlango wa nyuma nje ya geti la shule. Alipokuwa anapanda, soksi yake nyeupe iligusa ukingo wa chini wa mlango ikabaki na mstari mweusi mrefu. Nikadhani ni grisi. Nilipogusa, kidole kiliondoka na uzi mweusi unaovutika kama asali, wa moto, unaonuka barabara mpya. Ilikuwa lami, inatoka kwenye kitundu cha kutolea maji ya mvua chini ya mlango.

Lami hiyo niliinunua mwenyewe miezi minne kabla, shilingi 160,000, baada ya kuhakikishiwa kwamba ni "sponji la Kijapani la kuzuia mtetemo." Soksi niliitupa. Mlango ulinichukua siku mbili za mafuta ya taa na matambara, maana lami ilikuwa imeshateremka hadi kwenye reli ya kioo, na kioo kikawa kinapanda kwa shida. Na gari lilikuwa linalia vilevile. Besi ikigonga, IST yangu ya mwaka 2004 ilikuwa kama imefungwa njuga kuanzia buti mpaka dashibodi.

Tangu niandike kuhusu sabufa ndogo za chini ya kiti, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hilohilo: dada, nimefunga sabufa, muziki mzuri, lakini gari lote linatatarika, ninunue nini? Ukienda dukani jibu ni moja tu. Utapewa karatasi nyeusi zenye alumini juu, uambiwe ubandike kila mahali. Sitapoteza muda wako kwa unene, uzito wala idadi ya karatasi kwenye boksi. Hayo yameandikwa juu ya boksi, utayasoma mwenyewe. Nataka tuzungumze kuhusu gundi.

Lakini kabla ya gundi, jua unamtafuta nani. Kinacholia ndani ya gari ni vitu viwili tofauti. Kuna bati: ngozi ya mlango, paa, sakafu ya buti. Hilo ni pana na jembamba, besi ikilisukuma linavuma kama debe. Halafu kuna plastiki inayogongana na plastiki, au waya unaogonga ndani ya kava, au kichwa cha mkanda kinachogonga nguzo. Bati linatibiwa kwa kitu kizito chenye kunata, kinachomeza mtetemo wake. Plastiki inatibiwa kwa kitu laini kinachokaa katikati ya vitu viwili visigusane. Ukibandika karatasi ya alumini kwenye bati wakati kinacholia ni plastiki, umenunua dawa ya macho kutibu jino. Mimi nilifanya hivyo kwa 160,000.

Kumpata anayelia, toa kwanza kila kitu kisichofungwa: sarafu, miwani, spana, chupa. Jeki na tairi la akiba vikaze. Mtungi wa kuzimia moto usiutoe, ila shika kibano chake uone kama kinacheza. Changu kilikuwa kinacheza. Kisha pakua programu yoyote ya bure kwenye simu inayotoa mlio wa masafa unayochagua. Iunganishe na redio, anza hezi 30 (yaani mitetemo 30 kwa sekunde), panda polepole mpaka 100, sauti ya wastani. Kila kitu ndani ya gari kina masafa yake kinapoamka. Kikianza kulia, acha mlio hapohapo, kisha mtu wa pili apite na kiganja akibonyeza kava moja baada ya jingine. Atakapobonyeza na kelele ikakatika, ndipo penyewe. Bandika kipande cha tepu ya karatasi, andika namba ya hezi, endelea.

Kwangu, kwenye 43 kililia kibao cha namba cha nyuma. Kwenye 58, vichwa vya mikanda ya kiti cha nyuma. Kwenye 64, droo ya dashibodi. Kwenye 71 kulikuwa na mlio mkali kama nyuki ndani ya kava la mlango wa dereva, na huo nilihangaika nao wiki nzima. Bati lenyewe lilivuma sehemu mbili tu: mlango wa mbele kushoto na sakafu ya buti. Yaani katika kelele zote zile, alumini ilikuwa na kazi sehemu mbili.

Sasa gundi. Karatasi hizi zipo za aina mbili, na kwa macho hazina tofauti. Moja nyeusi yake ni butili, aina ya mpira. Nyingine ni lami, kama ile ya kuzibia mabati yanayovuja. Juu zote zina alumini inayong'aa, pengine hata michoro ni ileile. Gari likifungwa juani hapa Dar, dashibodi yake inaweza kupita nyuzi 65, na bati la mlango linalotazama jua la saa nane huwezi kuliwekea kiganja. Kwa joto hilo lami hulainika, huteremka na hunuka. Inaziba vitundu vya maji chini ya mlango. Maji ya masika yanakaa humo na kutu inaanza kula kimyakimya. Butili bora haifanyi hivyo. Na hakuna muuzaji hata mmoja aliyewahi kuniambia habari hii bila kuulizwa.

Kwa hiyo usinunue kabla ya kunusa. Mwombe muuzaji kipande cha ukubwa wa kidole gumba, bandua karatasi ya nyuma, weka puani. Kikinuka barabara mpya, mrudishie. Kisichonuka, kivute: butili inavutika taratibu kama ubani uliotafunwa. Kisha kibandike kwenye mfuniko wa sufuria, usimamishe mfuniko juani kuanzia saa tano mpaka saa nane, na chora mstari wa kalamu kwenye ukingo wa juu. Kikiteleza hata upana wa ukucha, kitateleza mlangoni. Muuzaji akikataa kukupa kipande, ondoka. Kuna aliyeniambia, "Dada, mbona unachunguza kama unanunua dhahabu?" Kwa bei aliyonitajia, nilikuwa na haki ya kuchunguza kama dhahabu.

Haya, sasa ninavyozipanga.

Ya kwanza kabisa ni tepu ya manyoya ya tesa, namba 51608. Tesa ni kampuni ya Ujerumani, na tepu hii imetengenezwa kwa ajili ya kufungia nyaya ndani ya magari zisigonge. Ni nyeusi, laini kama flana, inakatika kwa mkono bila mkasi, na imekadiriwa kuvumilia joto mpaka nyuzi 105. Sijalipwa na mtu kuisema. Naipenda, na sitajifanya kuwa katikati. Yule nyuki wa hezi 71 alikuwa ni waya wa swichi ya kioo unaogonga nyuma ya kava. Nilipouzungushia tepu urefu wa shubiri mbili, ukanyamaza, na mpaka leo umenyamaza. Kingo za droo ya dashibodi, mahali kava linapokutana na kava, kichwa cha mkanda pale kinapogusa plastiki: kote humo ni kipande kidogo tu. Roli moja ya mita 25 inatosha gari dogo na la jirani. Kabla yake nilikuwa nimenunua tepu ya manyoya isiyo na jina. Wiki ya tatu kingo zilijikunja, gundi ikabaki kwenye plastiki na manyoya yakaning'inia. Gundi tena. Andika namba 51608 kwenye karatasi uende nayo dukani, usikubali kuambiwa "hii ni ileile."

Ya pili itakushangaza: klipu za kava la mlango. Nenda katazame mlango uliowekwa spika mpya. Fundi aliingiza bisibisi bapa, akavuta, klipu tatu zikavunjika, akarudisha kava na zile zilizobaki. Gari la miaka ya 2000 plastiki zake zimeshakauka, haziwezi kupona kwa bisibisi. Kava linaloshikwa na klipu tano mahali pa tisa litalia tu, hata ukilibandika nini. Wengi wanaoniandikia kelele zao zilianza siku spika zilipofungwa, wakadhani ni nguvu ya besi. Nunua klipu za gari lako kwa idadi, nenda na moja nzima kama sampuli, kwa sababu za boksi la mchanganyiko mara nyingi hupwaya. Nunua na vile vijiti vya plastiki vya kufungulia kava, umkabidhi fundi mkononi. Asipovitaka, fungua mwenyewe.

Ya tatu ndiyo butili yenyewe. Nimefunga Kilmat ya milimita 2 kwenye mlango na buti, nimeridhika nayo. Noico nayo ni butili ya unene huohuo. Dynamat Xtreme ya Marekani ndiyo yenye jina kubwa kuliko zote, na jina hilo unalilipia. Mtu mwenye gari la mashindano ya muziki aichukue, mimi na wewe tunaoenda kazini hatuihitaji. Huna haja ya kufunika bati lote. Robo mpaka nusu ya eneo, katikati pale bati linapovuma ukiligonga kwa kifundo cha kidole, inatosha kabisa kwa kazi hii. Gonga kabla, gonga baada: sauti ya debe inageuka kuwa sauti ya meza. Safisha bati kwa spiriti mpaka tambara litoke jeupe, bandika, kandamiza kwa rola mpaka michoro ya alumini ilale. Pandisha na kushusha kioo kabla hujarudisha kava. Na vitundu vya chini ya mlango viachwe wazi, tafadhali sana.

Baada ya hizo, chukua kipande cha sponji lisilonyonya maji, lile gumu kidogo, kwa ajili ya nyuma ya kibao cha namba. Kibao changu kilinyamaza kwa vipande vinne vya ukubwa wa kiberiti na skrubu kukazwa. Usiweke sponji la godoro mlangoni, linakunywa maji na kuyatunza. Dawa ya silikoni ya kupuliza inafaa kwa mipira ya milango inayolia kama kiatu kipya. Mafuta ya kawaida yenye petroli yaache, mengi huharibu mpira.

Za bei chee, yaani karatasi za lami na zile za kuzibia paa: usinunue. Sina zaidi ya hapo.

Tahadhari moja ambayo mafundi wengi wanairuka. Palipoandikwa SRS AIRBAG, iwe nguzo ya mbele, dashibodi au ubavu wa kiti, usibandike wala usijaze kitu nyuma yake. Hapo ndipo lilipo puto la usalama linalofumuka gari likigonga, na lina njia yake ya kutokea. Na ukihitaji kugusa soketi za karibu yake, ondoa kwanza waya wa betri, usubiri dakika kadhaa.

Nimalizie na wauzaji, maana limenikaa rohoni. Kwa nini bei ni siri? Picha ipo, namba ya simu ipo, maneno "mzigo mpya umeingia" yapo, ila bei ni "njoo inboksi." Ukienda inboksi unaulizwa kwanza uko wapi na gari gani. Nilijaribu: niliuliza bei ya boksi moja la butili mimi, kisha akauliza kaka yangu kwa simu yake, duka lilelile, siku ileile. Mimi nilitajiwa shilingi 85,000 zaidi. Tulipokwenda pamoja, muuzaji alimweleza kaka kila kitu, na kaka hajui hata boneti inafunguliwa wapi. Mimi niliyeshika orodha ya masafa yangu niliulizwa kama nataka soda. Fedha ni yangu, gari ni langu, na pua iliyonusa lami yake ni yangu. Boksi nililichukua duka la pili, ambako kijana alikata kipande bila kuombwa mara mbili, akanionyesha bei kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani.

Kwa gari la ukubwa wa IST, Vitz au Passo, kama bado hujanunua chochote: roli moja ya tesa, klipu za milango yote minne, sponji la kibao cha namba. Pima tena kwa masafa ukimaliza hizo. Likibaki bati linalovuma, ndipo ukatafute boksi moja la butili, nusu yake itakutosha. Walio na Noah au Hiace mniandikie, ila mniletee namba za hezi, si neno "linalia" peke yake.