Maji matamu na maji ya chumvi shambani: lishe ya mmea na wadudu

Kwa maji matamu, yasiyozidi desisimensi 0.7 kwa mita (kipimo cha chumvi iliyomo majini, kwa jinsi maji yanavyopitisha umeme), mizizi hunywa bila taabu na mbolea uliyoweka huufikia mmea. Maji ya chumvi, hasa yakipita 3, ni habari nyingine. Sodiamu ya chumvi hiyo hugombea njia na potasiamu, kloridi yake hugombea na naitreti (naitrojeni ambayo mizizi hufyonza), na kalsiamu haifiki vizuri kwenye tunda. Tazama nyanya: kitako huanza kwa doa kama limelowa maji, kisha linadidimia na kuwa jeusi. Wengi hukimbilia dawa ya ukungu, na inaniuma kuona pesa ikienda bure, maana chanzo chake ni upungufu wa kalsiamu.

Kwa wadudu, hali si moja. Mmea uliobanwa na chumvi hulimbikiza asidi amino (vijenzi vya protini), jambo linaloweza kuwafaa wafyonzaji kama vidukari. Lakini sodiamu nyingi majanini huweza pia kuwadhoofisha wadudu. Maji matamu nayo si kinga: ukizidisha naitrojeni, vidukari watajaa kwenye machipukizi. Ukilazimika kumwagilia ya chumvi, shayiri itavumilia, maharage hayawezi.